Upande wa Nani

Kamuli, Kyerwa
9 Februari 2023

Wifi yangu Benitha,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Simu iliyopo hapa nyumbani ni ya mdogo wako Jovin, na ukipiga anaweka sauti ya juu ili Mama yenu naye akusikie. Kwa hiyo kila ukiniuliza kama Salvina hajambo, mimi hujibu hajambo. Leo nakujibu vizuri.

Ametimiza miaka minne mwezi uliopita na hajasema neno hata moja. Ukimwita hageuki, lakini mvua ikigonga bati anakimbia kwenda kusikiliza, kwa hiyo masikio anayo. Tangu Novemba ameanza kuanguka. Mara ya kwanza nilidhani ni degedege la homa, lakini mwili haukuwa na joto. Sasa ni mara mbili au tatu kwa wiki. Jumapili iliyopita alianguka kanisani wakati wa matoleo. Nilimlaza ubavu kwenye benchi, na watu tuliokaa nao wakahamia benchi jingine.

Mama anasema kwenu hakijawahi kutokea kitu kama hiki. Anasema kimetoka Kihanga kwa baba yangu, na kabla ya Kihanga kilitoka Burundi. Hasemi kwa ugomvi. Anasema kama mtu anayeeleza kwamba mwaka huu mvua zimechelewa. Jovin akisikia anachukua panga na kwenda kibanjani kupunguza majani ya migomba, hata kama aliyapunguza jana. Nilimuuliza baba yangu, akakaa akataja ukoo wake mpaka kwa babu wa babu yake, akasema hamjui hata mmoja aliyekuwa hivi. Lakini Mzee Polikarpi nani atamsikiliza hapa?

Wewe unasoma mambo ya ubongo huko Uswisi. Jovin huwaambia watu hivyo kwa majivuno, ila sijawahi kujua hasa unafanya nini. Niambie. Niambie pia kama kuna yeyote wa kwenu unayemkumbuka aliyekuwa na hali hii. Ukijibu, andika kwa Sista Evangelina wa zahanati ya parokia. Atanipa mkononi.

Wifi yako,
Gloriose Niyonkuru


Basel
6 Machi 2023

Mpendwa wifi Gloriose,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne. Kwanza hili la muhimu: kuanguka huko kunatibika, au angalau kunapunguzwa. Mwanza yupo Dkt. Placidius, daktari wa watoto niliyesoma naye. Nimeshamwandikia, anawasubiri. Atamwanzishia Salvina dawa, kisha atachukua damu yake, yako na ya Jovin, na kuileta katika kliniki moja ya hapa inayochunguza jeni. Haitapita kwenye maabara yangu, hairuhusiwi, lakini majibu nitapewa mkiridhia kwa kutia sahihi.

Umeniuliza nafanya nini. Hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza, wifi, kwa hiyo vumilia.

Ubongo una seli za neva nyingi zisizohesabika, na cha ajabu ni kwamba hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mwembamba mno, unywele mmoja unauzidi unene maelfu ya mara. Habari lazima zivuke mwanya huo, na mahali pa kuvukia tunapaita sinapsi. Mtoto hazaliwi nazo zote. Nyingi zinajengwa baadaye, anapobebwa, anapoimbiwa, anapotazama watu. Swali langu ni moja: seli mbili zinajuaje kwamba hapa ndipo pa kujenga? Kuna protini iitwayo neureksini inayochomoza upande mmoja, na nyingine, neurolijini, inayochomoza upande wa pili. Zikikutana zinashikana katikati ya mwanya, na zikishashikana, vifaa vingine vyote vinakusanyika hapo.

Mwaka jana nilichukua seli za figo, ambazo hazina shughuli yoyote na kufikiri, nikazipa neurolijini, kisha nikaziweka pamoja na seli za neva za panya. Siku mbili baadaye nyuzi za neva zilikuwa zimezifuata zile seli za figo na kuanza kujenga sinapsi juu yake, kana kwamba ni wenzao. Nilikaa kwenye hadubini nikasahau kula.

Kuhusu ukoo wetu, sina ninayemkumbuka.

Mbusu Salvina. Mwambie ni shangazi.

Benitha Rwegasira


Kamuli
18 Juni 2023

Wifi Benitha,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Mama hajambo, Jovin hajambo. Kahawa imeanza kuiva na watu wote wako mashambani.

Tulifika Mwanza. Dkt. Placidius ni mtu mpole, alichuchumaa sakafuni akacheza na Salvina na kifuniko cha chupa karibu nusu saa kabla ya kumgusa. Ametupa dawa ya maji, kijiko asubuhi na jioni. Wiki tatu sasa ameanguka mara mbili tu. Mara mbili, wifi! Nilikuwa nimesahau jinsi ya kupika bila kutazama nyuma kila dakika.

Damu ya mtoto na yangu ilichukuliwa. Ya Jovin bado, shughuli zimembana. Baba yangu ndiye aliyenisindikiza.

Nilimsomea baba barua yako yote, na ile habari ya seli za figo alitaka niirudie. Alisema, "Kumbe hata kisichojua kinaweza kufundishwa kushikwa." Tangu siku hiyo nalala vizuri. Nimeelewa kwamba dawa unayoitengeneza ni hiyo protini, na kwamba ukimaliza, watampa Salvina ile aliyopungukiwa naye ataanza kusema. Sikuharakishi. Niambie tu ni mwaka huu au ni mwaka ujao, ili nijue namna ya kungoja.

Gloriose


Basel
11 Julai 2023

Wifi yangu,

Nimefurahi kwa habari ya dawa ya maji kuliko unavyoweza kujua. Usiikatize hata siku moja, hata akikaa mwezi mzima bila kuanguka.

Hili jingine ni gumu kuliandika. Sitengenezi dawa. Kosa ni langu, nilikueleza kwa furaha nikasahau nani anasoma. Mimi natafuta kuelewa jinsi sinapsi inavyojengwa, basi. Walionitangulia walitafuta miaka thelathini, na watakaonifuata labda watapata dawa, kwa watoto ambao hawajazaliwa. Salvina anaweza kujifunza mengi, kwa mikono, kwa picha, kwa kurudiarudia. Pengine atasema, pengine hatasema. Lakini kungoja protini yangu usingoje. Naomba unisamehe.

Na nina swali. Barua yako ya kwanza ilikuwa na muhuri wa posta ya Kyerwa. Hii ya pili umeandika Kamuli, lakini muhuri ni wa Kayanga. Kayanga ni Karagwe, ni njia ya Kihanga. Na aliyekusindikiza Mwanza ni baba yako. Nilipompigia Jovin aliniambia umelala, na ilikuwa saa nane mchana.

Uko wapi, wifi?

Benitha


Kihanga
5 Agosti 2023

Wifi,

Shikamoo. Niko kwa baba yangu tangu Jumatatu ya Pasaka. Barua zako Sista Evangelina hunitumia huku.

Habari ya dawa nililia siku mbili, sasa nimemaliza. Afadhali umeniambia. Mwalimu wa chekechea hapa, Salome, ameanza kumfundisha Salvina kugusa mdomo akitaka kula na kugusa kikombe akitaka maji. Kikombe ameshakijua.

Nilikudanganya kwa sababu niliogopa kwamba ukijua nimeondoka nyumbani kwenu hutakuwa tena na sababu ya kunisaidia.

Ilikuwa hivi. Siku ile walikuja wageni, watu wa posa ya binamu yenu. Mama akaniita pembeni akasema, "Mpeleke mtoto chumba cha nyuma, mfungie mpaka wageni waondoke." Nikamwambia, "Mama, huyu si gunia la kahawa." Sijawahi kumjibu hivyo tangu niolewe. Salvina akabaki sebuleni, na wageni walipokuwa wanapokea chai, akaanguka. Akavuta kitambaa cha meza na vikombe vilivyokuwa juu yake. Walimaliza chai iliyosalia, wakaaga mapema.

Walipokwenda, Mama alisema tu kwamba mtoto apelekwe kwao akapumzike. Alisema kwao, si kwa babu yake. Jovin alifunga begi langu kwenye pikipiki. Nilimngoja aseme neno kutoka Kamuli mpaka Kihanga, na njia ni ndefu.

Mwezi jana alikuja na mkungu wa ndizi. Akausimamisha ukutani, akasimama uani kama mgeni. Salvina akaja akamshika kidole. Jovin akaniambia, "Nimechoka kuwa katikati." Nikamwambia, "Katikati yupo mtoto. Wewe uko pembeni." Akaondoka. Nilijuta, lakini siwezi kusema halikuwa kweli.

Sasa umejua yote. Ukinyamaza nitaelewa.

Gloriose


Basel
30 Agosti 2023

Gloriose,

Sinyamazi. Nimenyamaza vya kutosha.

Chumba cha nyuma ulichoambiwa umfungie Salvina nakijua. Kina dirisha moja dogo upande wa migomba, na mlango wake unafungwa kwa nje. Nilikuwa na mdogo wangu aliyeitwa Yustus. Alizaliwa miaka miwili baada yangu. Hakusema kamwe, na alikuwa akianguka. Wageni wakija tulimwingiza chumba kile, na kazi yangu ilikuwa kukaa naye na kumziba mdomo taratibu asipige kelele. Alikuwa akidhani ni mchezo. Alikuwa akinilamba kiganja.

Alikufa akiwa na miaka sita, mimi minane. Tulifundishwa kusema malaria, na baadaye tukafundishwa kutosema kabisa. Jovin alikuwa na miaka miwili, hajui lolote. Picha hakuna.

Mwezi Februari uliniuliza kama kuna yeyote ninayemkumbuka. Nikaandika kwamba sina. Nilikuwa nakumbuka mpaka joto la mdomo wake, wifi, na nikaandika sina. Watu hapa wakiniuliza kwa nini nilichagua sinapsi, nawaambia niliona picha nzuri kwenye kitabu cha chuo. Hata huo ni uongo.

Nimemwandikia Jovin barua nikamweleza yote, na kumtaka akatoe damu. Mimi nimeshatoa yangu. Haya niliyokuandikia ni yako, yatumie upendavyo. Ukitaka kusimama nayo mbele ya Mama, sitasema umekosea.

Benitha


Kihanga
1 Oktoba 2023

Wifi Benitha,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kifupi maana bado nina hasira.

Miezi saba nimebeba kitu ambacho ulijua si changu peke yangu. Ungeandika mstari mmoja mwezi Machi, labda nisingefungiwa begi. Nasema labda. Nimemlilia Yustus pia, na nimekulilia wewe wa miaka minane. Lakini wewe wa mwaka huu ni mtu mzima, ni msomi, na ulinidanganya. Nilitaka ujue kwamba nimeliona hilo, halafu tuendelee.

Jovin alikuja Jumatano na barua yako mfukoni. Hakuja na mkungu wala nini. Akaniuliza, "Ulijua habari za Yustus?" Nikamwambia nimejua juzi. Akakaa chini, kwenye udongo hivi, akasema, "Nimeishi nyumba ile miaka thelathini." Baba yangu akamletea kiti, hakukikalia.

Tulikwenda Mwanza pamoja, sisi watatu. Njiani alimbeba Salvina mapajani mwenyewe, na mtoto alipoanguka ndani ya basi nilinyoosha mikono nimchukue, akasema, "Niache, nifundishe tu." Nikamfundisha. Ubavu, kidevu, usimzuie mikono, hesabu dakika. Damu yake wameichukua.

Kwa Mama sitakwenda kusimama na chochote. Amezeeka, na mimi si hakimu. Kama kuna wa kumwambia, ni ninyi watoto wake.

Gloriose


Basel
19 Februari 2024

Wifi yangu Gloriose,

Hasira yako ni halali. Nimeisoma mara nyingi na sikuona neno la kupunguza.

Majibu yametoka. Katika jeni inayobeba maelekezo ya kutengeneza neureksini, Salvina amepungukiwa kipande. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Ile uliyompa wewe ni nzima. Wewe, Gloriose, hujapungukiwa na kitu. Kipande kimepungua upande wa Jovin. Na kimepungua kwangu pia, mahali pale pale.

Ndiyo, mimi. Ninayeitazama protini hii kwenye hadubini kila siku. Siku ile niliondoka maabara nikatembea kando ya mto mpaka viatu vikalowa.

Utauliza kwa nini mimi na Jovin tunasema na kutembea, Salvina na Yustus wakapata shida, ikiwa ni kipande kile kile. Hatujui. Wako watu wengi duniani wanaoishi nacho bila kuhisi lolote, na wengine kinawaangusha. Ya Yustus siwezi hata kuthibitisha, maana damu yake haipo. Hilo ndilo ninalolitafuta, na nakiri kwamba sijakaribia. Lakini la laana, la ukoo mbaya, la Burundi, hilo tunajua halipo. Hakuna aliyefanya kosa. Kipande kidogo kilidondoka wakati maisha yanajinakili, miaka mingi iliyopita, na kikapita kwa Mama au kwa marehemu Baba. Kwa nani kati yao, siwezi kusema.

Nimemtumia Jovin barua kama hii na kumwomba amsomee Mama yote, na jina la Yustus likiwemo. Ningepaswa kuja kumwambia uso kwa uso. Nitakuja Desemba. Ila wewe usingoje Desemba ili utembee kichwa juu.

Wifi yako,
Benitha


Kamuli, Kyerwa
14 Aprili 2024

Benitha mwanangu,

Ni mimi mama yako, Benadeta. Nasema kwa Kinyambo, na mkamwana wangu Gloriose anaandika kwa Kiswahili. Tumekaa hapa jikoni tangu asubuhi.

Jovin alinisomea barua yako. Alipofika kwenye jina la Yustus nilimwambia anyamaze, akanyamaza. Siku ya pili nilimwita mwenyewe nikamwambia amalizie.

Mwanangu, sikumfungia kwa kutompenda. Alipoanza kuanguka, bibi yako mzaa baba alisema nimeleta ugonjwa kutoka kwetu Kituntu. Alisema kila mahali, kisimani, kanisani. Nilimficha ili wakose cha kunyooshea kidole. Kisha nikazeeka, nikawa mimi ndiye ninayenyoosha, na maneno yalikuwa yale yale. Nimebadili Kituntu nikaweka Kihanga. Wewe nilikufundisha kuziba mdomo wa mtoto. Hilo silali vizuri nalo.

(Wifi, hapa Mama alitoka nje akakaa kidogo. Amerudi. Gloriose.)

Baada ya Pasaka nilikwenda Kihanga mwenyewe, kwa pikipiki, na mgongo wangu huu. Mzee Polikarpi alinipa kiti na maji ya kunywa. Nilimwambia nimekuja kumwomba binti yake kama alivyoombwa mara ya kwanza, ila safari hii naomba mimi, sitatuma mshenga. Akasema aulizwe mwenyewe. Tukamuuliza. Akasema, "Nitarudi, Mama, lakini mlango wa chumba cha nyuma utolewe." Jovin ameung'oa. Sasa kuku wanaingia humo wanavyotaka.

Unasema hamjui kama kipande ni changu au ni cha baba yako. Mwezi ujao wanampeleka Salvina Mwanza kwa daktari, na mimi nakwenda. Nitatoa damu. Kama ni kwangu, nataka nijue nikiwa hai. Na kama itakufaa katika hiyo kazi yako, ichukueni yote mnayotaka.

Andika hapo kwamba nimemkosea Gloriose. Hataki kuandika, anasema yamekwisha, anataka nikusalimie tu. Nimemwambia aandike kama nilivyosema, kwa jina lake lote, na nikasimama nyuma yake mpaka amemaliza. Nimemkosea Gloriose Niyonkuru, mbele ya mume wake na mbele ya baba yake.

Usishangae karatasi kuwa imechanika pembeni. Ni Salvina, yuko mapajani mwangu.

Mama yako,
Benadeta